Wachezaji 16 wa sindimba: kila wanapobadili mtindo duara linavunjika

Mwalimu_Mikindani
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Nina wanafunzi 16 wa sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, na wapigaji 4. Mmoja mmoja wanacheza vizuri, na wawili kati yao ni moto wa kuotea mbali. Shida inakuja wakicheza pamoja: dakika ya tatu ngoma inakimbia, duara linabanana katikati, na kila mtindo ukibadilika nusu yao wanachelewa. Nimeongeza saa za mazoezi, wamezidi kuchoka tu na kulaumiana. Nianzie wapi?

Fundi_Newala
Marahaba mwalimu. Anzia kwenye moto, miguu baadaye.

Huko pwani hewa ina unyevu, ngozi ya mbuzi inalegea mapema. Ikilegea sauti inafifia, mpigaji anaongeza nguvu ili asikike, na anayeongeza nguvu huharakisha bila kujijua. Wachezaji wanamfuata, kisha mnawalaumu wao. Washa makuti makavu kabla ya kuanza, elekeza ngozi kwenye joto, izungushe, igonge kwa kidole usikilize. Sauti ikikaza, iondoe. Mkaa usiutumie: unachoma sehemu moja na ngozi hupasuka hapohapo. Moto usizimwe hadi mwisho, ngoma zipashwe kwa zamu.

Pili, gawa kazi. Chinganga, ile ngoma ndogo ya fimbo, ishike mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, bila madoido. Ishara za kubadili mtindo zitoke kwenye ngoma kubwa peke yake. Wapigaji wote wanne wakionyesha ufundi kwa pamoja, mchezaji hajui amsikilize nani.

Kibwebwe_Masasi
Fundi kamaliza upande wa ngoma. Duara nalo lina hesabu yake. Watu 16, mtu na mtu mita 1.2, ni kama mita 19 kuzunguka. Chomeka kijiti katikati, funga kamba ya mita 3, zungusha huku ukimwaga majivu. Linabanana kwa sababu wote wanatazama katikati, hatua ya mbele inakuwa ndefu kuliko ya kurudi. Wiki ya kwanza kisigino cha kila mmoja kirudi kwenye majivu.

Kuchelewa kunatokana na macho. Wa pili anamtazama wa kwanza, wa tatu anamtazama wa pili, na ukifika kwa wa 16 mtindo umeshapita. Ngoma kubwa itoe ishara kwenye hesabu ya 5 hadi 8, wote wabadili kwenye 1 kwa sikio. Jaribu hivi: wapigaji wanyamaze hesabu 8, wachezaji waendelee, ngoma irudi. Ikirudi na kuwakuta pamoja, wanasikilizana. Wakiwa wamesambaa, rudia kwa hatua za miguu tu, bila njuga wala kutikisa kiuno.

Njuga zikazwe. Zikilegea mlio unakuja baada ya mguu, na jirani anafuata mlio.

Wale wawili wakali usiwaweke wote mbele. Mmoja nafasi ya 5, mwingine ya 12.

Mwana_Nachingwea
Hapo kwenye wakali dada nakupinga kidogo. Ukiwaficha kabisa wananuna. Wape zamu ya kuingia katikati, hesabu 16 kila mmoja, na wakati huo duara zima lipunguze: magoti yashuke, mikono itulie. Akitoka tu, anabaki kumpigia mwenzake makofi. Mkali asiyejua kupunguza ndiye anayevunja ngoma.

Siku moja kwa wiki badilisheni, wachezaji wapige na wapigaji wacheze. Aliyewahi kushika chinganga kwa dakika 10 bila kupumzika hamkaripii tena mpigaji. Na mkikosea usiulize "nani?", uliza "hesabu ya ngapi?". Jibu la swali la pili linarekebishika.



Mwalimu_Mikindani
Asanteni sana. Kamba na majivu ninavyo, na kweli tumekuwa tukitumia mkaa. Fundi, fimbo za chinganga zangu zinavunjika kila siku.

Fundi_Newala
Unazikata mbichi na kuzitumia siku hiyohiyo. Chagua nyembamba, ndefu, zilizonyooka, zisizo na fundo, menya ganda, kausha kivulini. Juani zinapinda. Kila mpigaji awe na jozi mbili.