Mafundi wa breki Nairobi, pimeni dramu kwanza!

Wadau, nimevumilia vya kutosha na leo nasema. Nina Land Rover 109 Series III, pikapu ya mwaka 1978, breki za dramu magurudumu yote manne, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu na kubanwa kwa ndani na viatu vya breki. Ndiyo inayonibebea nyasi na chakula cha ng'ombe kutoka Kiserian. Ukikanyaga breki, pedali inadunda chini ya mguu, usukani unacheza mikononi, na gurudumu la mbele kulia linatoa mlio ambao hata makanga wa matatu wanachungulia kuona kuna nini. Gari limepita gereji kuanzia Ngara hadi Industrial Area. Nimeuziwa viatu vya breki, nikauziwa silinda za magurudumu, nikauziwa masta silinda, nikauziwa springi. Katika gereji zote hizo hakuna hata moja iliyofungua dramu ikaipima.

Narudia: kuipima. Si kuipangusa kwa kitambaa, si kuigonga kwa nyundo na kutega sikio. Kupima kwa chombo, kupata namba, na mimi mwenye gari nionyeshwe hiyo namba.

Hili jambo si gumu. Viatu vya breki havizunguki. Vimekaa palepale kwenye bamba, vinasukumwa, vinagusa, vinarudi. Masta silinda nayo haizunguki. Vinavyozunguka ni dramu, habu (kitovu cha gurudumu) na gurudumu. Sasa pedali ikidunda kwa kufuata mwendo wa gurudumu, ukipunguza mwendo nayo inapunguza, ugonjwa utautafuta wapi? Dramu ikishapoteza mviringo, kipenyo kinakuwa kirefu upande huu na kifupi upande ule. Viatu vinalazimika kufuata ukuta huo, vinaingia na kutoka, mafuta ya breki yanasukumwa kurudi nyuma, na mguu wako ndio unaopokea. Mara mbili kwa kila mzunguko. Tairi la 7.50-16 lina mzingo wa kama mita 2.5, kwa hiyo ukienda kilomita 20 kwa saa linazunguka mara mbili na kidogo kwa sekunde, na pedali inakupiga mara nne na zaidi. Mtu yeyote mwenye masikio na subira anaweza kuhesabu. Nilimwambia fundi mmoja aingie tuzunguke mtaa, ahesabu mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bosi, wewe tubadilishe tu viatu, utaona tofauti." Vilikuwa viatu vipya! Rangi ya dukani ilikuwa bado haijatoka.

Mwingine akanishauri nivute hendibreki gari likitembea, ati tujue kama shida iko nyuma. Huyo nilimwogopa kabisa. Kwa magari mengi madogo ushauri huo una maana, kwa sababu hendibreki inabana viatu vya nyuma. Lakini kwa Series hendibreki haiko magurudumuni. Ina dramu yake ndogo nyuma ya giaboksi, inabana propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukiivuta gari likitembea hujapima chochote cha magurudumu. Umetesa tu gia na shafti za ekseli ya nyuma. Mtu anayejiita fundi wa Land Rover hajui hilo?

Na yuko aliyesema ni mwinuko wa Nairobi. Ni kweli tuko juu, mita 1,700 na ushei, hewa ni nyepesi na servo, kile kifaa kinachopunguzia mguu kazi ya kukanyaga breki, inasaidia kidogo kuliko kule Mombasa. Matokeo yake ni pedali kuwa ngumu. Haidundi. Tusichanganye mambo.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi huu. Gereji moja Industrial Area, ambayo siitaji jina, ilikubali hatimaye kwamba dramu ya mbele kulia ichongwe. Nikalipa KSh 28,500 ikiwa ni pamoja na viatu vingine na kazi. Nikakabidhiwa gari. "Imechongwa, bosi, iko sawa kabisa." Nikafika Dagoretti Corner, breki ya kwanza: pedali bado inadunda, na sasa kumeongezeka sauti mpya, tak, tak, tak, kutoka gurudumu lile lile.

Nikaenda nyumbani, nikapiga jeki, nikatoa gurudumu. Dramu ya Series ni rahisi kutoa, skrubu tatu tu na inatoka bila kugusa beringi, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoipima. Nikaigeuza juani. Ndani inang'aa vizuri, ukiitazama kwa mbali utasema kazi safi. Nikapitisha ukucha kutoka ukingo wa nje kwenda ndani. Ukucha ukakwama. Ukaruka. Ukakwama tena. Ukuta mzima umechorwa mstari unaozunguka kuingia ndani, sawasawa na nyuzi za bolti. Huyo aliyekuwa kwenye mashine ya lethi alikuwa na haraka, akasukuma kisu kwa kasi, akaacha nyuzi. Kiatu kinapobanwa kwenye ukuta wa namna hiyo kinafanya kile nati inachofanya kwenye bolti: kinapanda taratibu kuelekea nje, mpaka springi inakishinda, kinarudi kwa nguvu na kugonga bamba. Tak. Kinapanda tena. Tak. Hiyo ndiyo sauti yangu mpya, nimeilipia. Mchongaji anayejali anapita mara ya mwisho polepole, kisha anapiga msasa kuvunja huo mstari.

Halafu nikaazima vernia kubwa, chombo cha kupimia kipenyo, kwa jirani anayefanya kazi ya vyuma. Dramu ya 109 ni inchi 11, yaani milimita 279.4. Kitabu cha gari kinaruhusu kuchonga hadi inchi 0.030 zaidi, yaani milimita 0.76, kwa hiyo mwisho ni kama 280.2. Ya kwangu ilisoma 281.1. Nikapima sehemu nyingine: 280.7. Maana yake wameikata kupita mwisho wake na bado haijapata mviringo! Tofauti ya milimita 0.4, wakati hata 0.15 tayari ni kubwa. Upande wa kushoto hawakuugusa kabisa, unasoma 279.5. Dramu za ekseli moja huchongwa zote mbili, zilingane, la sivyo gari linavuta upande ukifunga breki. Hili wanafundisha mwaka wa kwanza.

Nikaona na madoa. Mabaka ya rangi ya buluu iliyokolea, mapana kama sarafu ya shilingi kumi, yametawanyika ukutani. Hayo ni mahali chuma kilipata joto kali kikapoa haraka, kikabadilika na kuwa kigumu kuliko chuma kilichokizunguka. Ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu na mzigo, mguu juu ya breki njia nzima, unayapata. Kisu cha kawaida cha lethi kikifika hapo kinaruka, kinaacha kinundu. Ndiyo maana baada ya kuchongwa pedali bado inadunda. Madoa hayo husagwa kwa jiwe, na yakiwa yamezama sana dramu inatupwa. Fundi aliyeichonga aliyaona, hakuna namna hakuyaona, kisu kilikuwa kinaruka mbele ya macho yake. Akanyamaza. Akachukua pesa.

Na dramu iliyokatwa ikawa nyembamba ina matatizo mengine. Inajikunja viatu vikiisukuma, inapata joto upesi, na inalia kama kengele kwa kila mtikisiko mdogo. Viatu nilivyouziwa vimetengenezwa kwa mviringo wa 279.4, dramu imekuwa pana, kwa hiyo vinagusa katikati tu. Nimevitoa nikaona: katikati pameng'aa, kwenye ncha zote mbili lainingi, lile tabaka la kiatu linalosuguana na dramu, haijaguswa. Nusu ya breki yangu haifanyi kazi na mtu ameniambia iko sawa kabisa.

Ninyi mnaosema "gari ni la kitambo, zote hulia hivyo", naomba mkome. Niliambiwa hivyo kila mahali, kwa sauti ya kunituliza, utadhani ninaomba kitu cha ajabu. Series III ilipotoka mwaka 1971 haikuwa inadunda. Magari haya yamebeba wauguzi, askari wa wanyamapori na wapimaji ardhi nchi nzima kwa dramu hizi hizi, na yalisimama yalipotakiwa kusimama. Uzee haufanyi dramu kupoteza mviringo. Joto linafanya hivyo. Kutu kati ya habu na dramu inafanya hivyo, kwa sababu dramu inakaa upande. Na watu wa matairi wanafanya hivyo kila siku, wakikaza nati kwa bunduki ya hewa mpaka inalia, moja baada ya nyingine kwa kufuata duara. Nati za Series zinataka kati ya Nm 100 na 115, kwa kuruka upande huu na upande ule. Mkono na spana ndefu vinatosha. Ukiikaza kwa bunduki unapinda dramu mpya, na kesho yake mwenye gari anarudi kwa fundi wa breki kuuziwa viatu.

Kuna jambo lingine ambalo limeniuma zaidi ya pesa. Kwenye gereji hizo dramu ikifunguliwa, kijana wa mkono anaitwa, anashika bomba la hewa na kupuliza vumbi lote. Wingu jeusi, yeye yuko katikati, kinywa wazi. Lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na gari la mwaka 1978 huwezi kujua ni vumbi la miaka gani limejificha mle ndani. Asbesto inaua mapafu, na inaua baada ya miaka mingi, wakati hakuna atakayekumbuka gereji. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa kibichi, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa. Gharama yake ni nini? Nilimwambia mwenye gereji, akasema vijana wamezoea. Kijana mwenyewe hajafika miaka ishirini.

Nilirudi na dramu mkononi na namba nimeziandika kwa chaki ndani yake. Nikaambiwa pesa ya kazi hairudi, na kwamba nikitaka wanaweza kuniuzia dramu. Waniuzie! Dramu ambayo pengine ingepona kwa kukatwa nusu milimita, kama mtu angeipima kabla ya kuifunga kwenye mashine. Nimekataa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila hata kuhitaji wakili. Risiti ninayo, picha za vernia ninazo, dramu ninayo. Nimewapa hadi mwisho wa mwezi.

Ninachoomba kwenu, hasa mlio na Land Rover na Peugeot za zamani: kuna mchongaji yeyote, Kariobangi Light Industries au popote, anayekubali kufunga dramu pamoja na habu yake kwenye lethi, anayepima kabla na baada, na kukuandikia namba mbili kwenye risiti? Awe pia na uwezo wa kuwianisha mviringo wa viatu na wa dramu, asiuze viatu na kwenda. Na dramu mpya za inchi 11, nimezunguka Kirinyaga Road, nyingine nilizoonyeshwa ni nyepesi hadi unashtuka ukizishika. Aliyepata nzito, za chuma kizuri, aseme duka.

NYONGEZA: Naona wengi wananiambia niweke diski mbele niachane na dramu. Nimefikiria. Vifaa vipo vya kuagiza, ila bei yake ni ya kununua seti nzima ya dramu, viatu na silinda, na chenji ikabaki. Na diski nayo inapinda, nayo ina unene wa mwisho uliochongwa pembeni, nayo hudundisha pedali. Nikimpelekea fundi asiyepima dramu, atapima diski? Kwanza nipeni anayepima, ndipo tujadili diski.

Na aliyeuliza kama ninaendelea kuliendesha: hapana. Limesimama uani, dramu ya mbele kulia iko mezani jikoni, na nyasi zinaletwa na pikapu ya kukodi hadi hili jambo liishe.