Kiporo cha wali na ugali kinanimaliza, nyie huwa mnakifanyaje?

MamaPacha_Igoma
Habari za jioni wadau. Niko Igoma hapa Mwanza, nyumbani tuko sita, mimi na mzee, watoto watatu na mdogo wangu anasoma. Kila nikiamka nikifunua sufuria nakuta wali umebaki karibu nusu, siku nyingine bonge la ugali limekaa pale kama jiwe la Bismarck lile la ziwani, na sina pa kulipeleka zaidi ya kwa kuku wa jirani. Kuku wenyewe wameshanenepa na mayai simegewi hata moja 😂. Jumapili nimemwaga wali na maharage mpaka roho ikauma, mchele wa Magu ule, na mkaa nimechoma. Mzee anasema kiporo ni chakula cha mbwa, watoto nao wamemfuata. Friji ninayo ila ndogo na imejaa barafu za ukwaju nauzia watoto wa shule. Mnafanyaje jamani, sitaki kusikia "pasha tu", nimeshapasha sana hawali.

Ngosha_Nyegezi
Huyo mzee ni wa wapi? Kama ni Ngosha mwenzangu, yaani Msukuma, mwambie aache kujidai, sisi tumekua kwa ugali kiporo na maziwa mgando, asubuhi unakunywa hiyo ndio unatoka na ng'ombe mpaka saa nane. Mimi geto ugali wa jana nakata vipande vinene kama kidole, karai na mafuta kidogo, moto wa wastani, usivigeuze geuze mpaka vishike rangi chini. Nje vinakuwa vikavu vinalia kra kra ndani laini, unaweka chumvi na pilipili na chai ya rangi. Jamaa zangu wakija huwa wanadhani ni mihogo.

BiMkubwa_Kirumba
Mwanangu kabla hatujafika kwenye karai nikuulize, hicho kinachobaki ni cha nani? Maana chakula hakibaki chenyewe. Nimelea watoto saba, nikaja kugundua napikia watu tisa na wanaokula ni sita, kwa mazoea tu ya zamani wageni walipokuwa hawaishi. Wiki hii pima mchele kwa kikombe, kikombe kilekile, usikadirie kwa kiganja, halafu angalia ni sahani ya nani inarudi.

Ukibaki basi, wali fanya vitumbua. Saga wali kwenye blenda na maziwa au tui, weka sukari, iliki, hamira, uache uumuke, ukaange kwenye chuma cha vitumbua. Maharage kausha mchuzi uyaponde, changanya na unga wa ngano na karoti ya kukwaruza usukume chapati, mtoto hawezi kujua. Viazi vitamu vya kuchemsha vikibaki ndio usitupe kabisa, kata slesi uanike juani, hayo si ndio matobolwa? Watu wa mjini mnayanunua sokoni kumbe ni viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, yale ya viazi vibichi ndio michembe. Bibi zenu hawakuwa na friji na hawakutupa.

NesiWaZamu
Shikamoo Bi Mkubwa, umemaliza. Mimi naingilia kwenye wali tu maana huo ndio unaotuletea watu usiku wanatapika. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake ziko kwenye mchele tangu shambani na hazifi ukichemsha. Ukiacha sufuria jikoni usiku kucha na joto letu hili zinaamka zinazaana, na wengine wanaacha sumu ambayo hata upashe mpaka uungue haitoki. Kwahiyo suala sio kupasha, suala ni wali ulilala wapi. Mkimaliza kula usiuache kwenye sufuria limefunikwa la moto, unatunza joto kwa muda mrefu, utandaze kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya masaa mawili uwe umeingia kwenye friji. Kesho yake utumie, usikae siku tatu. Kama friji haina nafasi, bora upike wali pungufu usiku. Ugali nao ukishaanza kuvuta nyuzi au kunuka uchachu, huo tupa, usikaange.

Dada samahani, barafu za ukwaju toa rafu moja tu.

MzeeWaMwaloni
Na samaki je? Mimi nauza soko la samaki Mwaloni, mteja ananunua sato mkubwa anampika mzima halafu asubuhi ananiambia alichacha. Sio samaki, ni mchuzi umelala na nazi na nyanya jikoni. Usiku toa minofu yote kwenye miba, weka kwenye friji bila mchuzi, kesho ponda na kiazi mviringo, kitunguu, pilipili hoho, tengeneza kababu. Kichwa cha sangara msitupe jamani, kichwa kina nyama ya kulisha watu wawili, supu yake ukiweka ndimu na tangawizi unasahau nyama.

Ngosha_Nyegezi
Umenikumbusha mapanki mkuu, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu kiwandani 😂 tulikuwa tunadharau, saa hii nayatafuta.

Mwl_Buhongwa
Mama Pacha usijione uko peke yako. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05 na asilimia 60 ilitoka majumbani. Mimi nilidhani ni mahoteli na maharusi.

MamaPacha_Igoma
Asanteni wote, shikamoo Bi Mkubwa. Nimerudi na majibu. Nimepima siku sita kwa kikombe kama ulivyosema, nilikuwa naweka vikombe vinne, kumbe vitatu vinatosha na vinabaki. Na sahani inayorudi ni ya mzee! Anapita stendi jioni anakula mishkaki na ndizi za kuchoma, akifika nyumbani anadonoa vijiko viwili, ndio maana kiporo kwake ni cha mbwa, alishashiba. Sijamgombeza, nimemwambia atume meseji saa kumi na mbili kama anakula nje. Siku nne ametuma mbili, sio mbaya.

Ugali wa kukaanga umepita, watoto wanagombania vya pembeni. Rafu moja nimeitoa. Ila vitumbua Bi Mkubwa vimenishinda, vilinata kwenye chuma na katikati vilikuwa ujiuji, nimevitoa kwa kijiko.

BiMkubwa_Kirumba
Marahaba. Uliweka wali mtupu, ndio maana. Loweka na mchele mbichi kikombe kimoja tangu mchana usage pamoja, au ongeza unga wa mchele mpaka uji uwe mzito unaanguka taratibu kwenye upawa. Chuma kipate moto kwanza ndio utie mafuta, na usigeuze mpaka pembeni ijiachie yenyewe. Cha kwanza huwa kinaharibika hata kwangu, hicho mpe kuku wa jirani.