Yaani umebonyeza pozi gari ikiwa SENTIMITA TANO kwa laini?? Huyu mchambuzi wetu wa muvi amenikosea sana

BabaTeddy_Kaptembwa
Wadau naandika hii mikono ikitetemeka, nimetoka town saa hii, mtoto amelala na machozi bado kwa mashavu na mimi ugali imenishinda. Nyinyi wote mnamjua. Yule wa kofia ya bereti. Yule akiingia kwa kibanda kuagiza chai anaichambua kwanza ndio anywe. Simtaji, juu hata nikisema "yule" peke yake nusu ya Nakuru imeshajua.

Leo alikuwa anaonyesha watoto Cars kwa projekta, ile katuni ya Pixar ya magari yanaongea, ya kwanza ya 2006, shilingi 50 kichwa, mimi nikalipa mia juu ati hata mzazi ni kichwa. Sawa. Watoto wametulia kama wako misa, mpaka yule wa jirani anakulanga krayoni akasahau kukula krayoni. Tukafika ile reisi ya mwisho. McQueen, ile gari nyekundu namba 95, ako mbele, kombe la Piston Cup ni yake imebaki tu kulamba, anaona The King, yule bingwa mzee, amepinduka huko nyuma, anakanyaga breki, gari inasimama sentimita tano kwa laini, watoto wamesimama juu ya benchi...

NA JAMAA AKABONYEZA POZI.

Akasimama mbele ya projekta, ile 95 ikamkaa kwa tumbo, akaambia watoto wa miaka sita, "Wapendwa, hapa ndipo muvi inakufa." INAKUFA! Teddy akaniangalia, "Dadi, gari imekufa?" Watoto thelathini wakaanza kulia pamoja kama wamedungwa chanjo. Yeye anaendelea tu, ati hii ni tangazo la vidude vya kuchezea, ati Rotten Tomatoes, ule mtandao wa kukusanya maoni ya wachambuzi, imeipa asilimia 40, ati Marekani wachambuzi waliitupa. Saa nzima! (Sawa dakika kumi, lakini uliza mtoto.) Na hiyo saa nzima gari iko pale, sentimita tano, haiingii hairudi.

Halafu aseme kurudi kumsukuma The King ni "hisia za bei rahisi". Wewe! Hapa Naivasha Safari Rally ikikuja watu wazima wanaacha nyama kwa moto wakimbie kusukuma gari ya mtu hawamjui imekwama kwa ile vumbi laini ya feshfeshi, wanakula vumbi wiki mbili, na hakuna mtu huita hiyo bei rahisi!!

Kumaliza hotuba, kamati ya harusi iko mlangoni inataka ukumbi wao. Tukatolewa. Hatukuona mwisho. SENTIMITA TANO.

Chapo_Mbili
Kwanza tuongelee hiyo mia. Mtu mzima na ndevu analipa 50 kuona katuni halafu anatuambia ni mtoto alilia

BabaTeddy_Kaptembwa
Mimi sikulia. Projekta ilikuwa inatoa moshi.

Nyar_Kondele
Huyo si alikuja huku Kisumu pia, tulimfukuza na vitambaa vya meza. Na amechanganya mafaili. Hiyo 40 ni ya Cars 2 ya 2011, ile Mater, ile bredauni ya kutu, anaenda kuwa jasusi, ndio ilikuwa muvi ya kwanza ya Pixar kukataliwa na wachambuzi wengi. Ya kwanza karibu robo tatu waliipenda, ikabeba Golden Globe ya katuni mwaka wa kwanza kabisa hiyo tuzo kutolewa, Oscar ndio walinyang'anywa na wale pengwini wa kudensi. Kitu watu walilalamikia ni urefu, karibu masaa mawili, na ati mwisho unaujua kabla ukae. Hapo siwapingi, mimi mwenyewe zile sehemu za kamji ka Radiator Springs nililala fofofo. Lakini kuchapa mtoto wa kwanza kwa makosa ya wa pili, hapana.

BabaTeddy_Kaptembwa
ASANTE dadangu!! Na wa kwanza amechapwa akiwa sentimita tano kwa laini! Hata Doc Hudson, ile gari mzee inamfunza McQueen, sauti ni ya Paul Newman, mtu alikuwa dereva wa reisi kabisa, Le Mans 1979 wakamaliza namba mbili. Huyu wa bereti hata baiskeli anasukumanga akifika mteremko.

Bereti_Si_Dhambi
Jamaa yuko sahihi nyinyi mko na uchungu tu. Hiyo muvi ilitengenezewa duka, vidude vyake vimeuza mabilioni ya dola. Hebu uliza leo mtoto wako alikuwa amevaa nini

BabaTeddy_Kaptembwa
Fulana ya 95. Lakini hiyo ni ya mtumba, haihesabiki.

Chapo_Mbili
😂😂😂 uzi umefungwa

Fundi_Section58
Mimi wachambuzi wote walinichekesha, hakuna hata mmoja aliuliza swali la maana. Waliochora hizo gari macho wameweka kwa windskrini. Sasa stika ya inshuarensi inabandikwa wapi, kwa jicho?

Mzee_wa_Probox
Shukuruni Mungu gari haziongei hii Nakuru. Yangu ikifika rodibloku ya Lanet ingeita afande yenyewe, "afande kuja, tuko kumi na moja, wawili wako buti"

Nyar_Kondele
Na tuktuk za Kondele zikiongea ziniambie ile 20 yangu iko wapi. Jana nimempa 50, nauli ni 30, akaniambia "mathe ngoja nichenji hapo mbele", hapo mbele akapitiliza na mlio wa honi. Mathe! Mimi!

Salgaa_Survivor
Si hata 20 hiyo. Mmetaja Mater roho ikaniuma. Mwezi jana nimekufia pale Salgaa saa tano usiku, bredauni ikakuja, jamaa hana hata meno ya kutisha kama ya Mater, ni sura tu ya upole, elfu kumi na mbili mpaka Nakuru. Kufika asubuhi said mira haiko. Nikimuuliza ananiambia gari ilikuja hivyo.

Fundi_Section58
Elfu 12 ni bei ya rafiki. Mimi nimevutwa kutoka Mau Summit na mvua, ile nilitoa sitaki wife asome hapa.

Nyar_Kondele
Twenty bob yangu bado ni yangu

BabaTeddy_Kaptembwa
Jamani huu uzi ni wangu. Teddy ameamka anauliza kama gari ilifika. Nimwambie nini?

Chapo_Mbili
Mwambie ukweli, Chick Hicks, yule mpinzani wa McQueen, alishinda

BabaTeddy_Kaptembwa
Wewe ni mnyama.

Mzee_wa_Probox
@Salgaa_Survivor hiyo said mira ni ya kushoto ama kulia? Kuna kijana aliniuzia moja ya kulia wiki mbili zimepita, safi kabisa

Salgaa_Survivor
Ya kulia. Iko na mkwaruzo hapo chini kwa kona, kama herufi ya S?

Mzee_wa_Probox
Ngoja nitoke na tochi