Wauza skopu Mwanza: acheni kutuuzia namba za kwenye boksi na stendi za plastiki

Wakuu, huu uzi naufungua kwa hasira. Mtu akiingia dukani mjini, au akiuliza kwenye kurasa za mauzo, kwamba anataka skopu ndogo (darubini ya jicho moja) ya kutazamia ndege wa porini na stendi ya kubeba safarini, anaulizwa swali moja tu: "Unataka inayovuta mara ngapi?" Kisha anafungiwa kitu kilichoandikwa 60, kingine 100, na ndani ya boksi kuna kistendi cha simu "cha bure". Kijana anayeongoza wageni ametoa akiba yake yote. Walimu wa klabu ya mazingira wamechangishana. Wakisimama Capri Point, hapa ziwani Mwanza, hawawezi hata kutofautisha mnandi mkubwa na mdogo, ndege wa majini, juu ya jiwe. Huo ni wizi.

Tuanze na hiyo namba. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, gawanya kwa idadi ya mara inazokuza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Lenzi ya milimita 50 ikikuza mara 20 inakupa 2.5, na hapo picha inang'aa. Ipeleke mara 60 uone: unabaki na 0.8. Picha inakuwa giza, kingo zinalegea, hata uchafu unaoelea ndani ya jicho lako mwenyewe unauona. Rangi ya miguu ya kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, myeusi au ya njano, inapotea, na mara nyingi hiyo miguu ndiyo inayokwambia ni kitwitwi gani.

Angalieni watengenezaji wenye heshima wanavyojizuia. Kowa TSN-553, lenzi ya milimita 55, inaishia mara 45. Swarovski ATC, milimita 56, inaishia 40. Celestron Hummingbird ya milimita 56 inaishia 27, basi. Sasa wewe muuzaji una kijiskopu cha milimita 50 kisichojulikana kimetoka wapi, kinavuta mara 100 kwa uchawi gani?

Kuna kipimo kisichohitaji fundi, kifanyeni hapo hapo kaunta kabla ya kutoa hela. Elekeza skopu kwenye anga jeupe (kamwe si kwenye jua), weka karatasi nyuma ya kioo cha jicho (kile unachochungulia), isogeze mpaka duara la mwanga liwe na ukingo mkali, lipime kwa rula. Gawanya lenzi ya mbele kwa hilo duara. Boksi linasema 40x60, yaani mara 40 na lenzi ya milimita 60, lakini duara ni milimita 6? Hiyo inakuza mara 10. Cha pili: rudisha ukuzaji chini kabisa, lenga mbali, shika tochi ya simu sentimita 30 hivi nyuma ya kioo cha jicho, na karatasi mbele karibu na lenzi kubwa. Duara linalotokea kwenye karatasi ndilo upana wa lenzi unaofanya kazi kweli. Likiwa dogo kuliko lenzi yenyewe, ndani kuna pete iliyofichwa inayokata mwanga ili kasoro za kioo zisionekane. Ulilipia milimita 60, unatumia 42.

Kisha soma maandishi ya bango lililo ng'ambo ya barabara kwa ukuzaji wa juu kabisa. Skopu nzuri picha yake inakuwa kali mahali pamoja tu: ukizungusha kidogo kirekebisha picha kushoto au kulia, herufi zinaharibika. Ukijikuta unazungusha huku na huku unatafuta "afadhali", irudishe. Angalia pia ukingo wa kitu cheupe mbele ya kitu cheusi. Ukiona utepe wa zambarau au kijani, basi kila nyangenyange atakayetua kwenye mawe yetu atavaa utepe huo. Vioo vya ED (vioo maalumu visivyotawanya sana rangi) ndivyo vinavyopunguza tatizo hili, na hapo ndipo pa kuongeza pesa, si kwenye namba ya ukuzaji.

Wenye miwani, ulizeni nafasi kati ya jicho na kioo: chini ya milimita 15 mtaona duara dogo tu katikati.

Stendi ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu hata skopu nzuri inauawa na stendi mbaya, halafu lawama anabeba mwenye skopu. Kwa mara 30, mtikisiko mdogo wa mguu nao unakuzwa mara 30. Stendi ya safari isizidi kilo moja na nusu, ikunjwe kufikia sentimita 45 au pungufu, lakini bomba la juu la mguu liwe na kipenyo cha milimita 22 hadi 25. Miguu ya vipande vitano inakunjika vizuri, ila kile cha mwisho ni chembamba kama penseli, kwa hiyo vuta vinene kwanza. Nguzo ya katikati iache chini. Ukiipandisha juu umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja. Ndiyo maana nasema chukueni skopu iliyopinda nyuzi 45: mrefu anainama, mfupi anafika, na stendi inabaki fupi na imara.

Kichwa cha mpira (kiungo cha duara juu ya stendi, kinachogeuka kila upande) kinachouzwa na kila stendi ni cha kamera. Ukikilegeza, skopu inaanguka pua chini. Tafuteni kichwa kidogo cha video chenye mafuta, kinachokwenda taratibu kushoto-kulia na juu-chini. Tena, skopu nyingi zinashikwa kwa skrubu moja ya robo inchi, hivyo zinazunguka juu ya pleti, kile kibati kinachounganisha skopu na stendi. Pleti iwe na ukingo au kipini cha kuzuia. Ukienda Rubondo pleti ikabaki nyumbani, hakuna duka la kukuokoa kisiwani.

Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye kufuli za kuzungusha za miguu ya stendi, unasaga. Fungua miguu, suuza kwa maji safi, kausha, paka grisi kiduchu. Na kwenye kivuko cha Kamanga iacheni skopu begini, injini inaitikisa stendi yoyote. Hapo tumieni darubini ya macho mawili ya mara 8.

"Haingii maji" nayo imekuwa wimbo. Ya kweli imezibwa kwa mipira na kujazwa naitrojeni. Isiyozibwa, kwa unyevu wa huku na kukaa gizani kwenye mfuko, inaota kuvu juu ya vioo, na kuvu hula ule utando wa lenzi. Usafishaji hauurudishi.

Halafu jua likipanda, mazigazi juu ya maji na mawe yanachezesha kila kitu. Hakuna skopu duniani inayoshinda hilo. Muuzaji anayejibu "basi chukua ya mara 80" anakupoteza kwa makusudi.

Wauzaji mliomo humu, jibuni hapa hapa: mtaruhusu mteja apime kwa rula na tochi kabla ya kulipa? Mtauza skopu bila kumlazimisha achukue hicho kistendi? Na duara likipingana na boksi, hela mnarudisha au hamrudishi?