Tupeane uzoefu: Maketi ya zamani ya ndege za vita ilikushinda wapi, na uliimalizaje?

Mwanzilishi wa mada, Kamalondo, Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu. Mwezi uliopita nilifungua sanduku la maketi, yaani ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha, ya jeti ya Fouga Magister kutoka kampuni ya Heller, kipimo cha 1/72, ambalo mjomba wangu aliyesoma Ubelgiji alilileta nyumbani na kulisahau juu ya kabati kwa zaidi ya miaka thelathini. Vishada vya plastiki, yaani fremu zinazoshika vipande, vilikuwa vizima, karatasi ya maelekezo ilikuwa imeliwa na mende pembeni, na dekali, yaani alama za kubandika kwa maji, zilikuwa zimegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Ndege ya kweli ilikuwa na mabawa ya takriban mita 12, kwa hiyo maketi yake hufika kama sentimita 17 tu.

Kwetu Fouga si ndege ya mbali. Mwaka 1961 papa yangu alikuwa mtoto hapa mjini, wakati mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwezi wa Februari mwaka huo Fouga tatu ziliingizwa kwa ajili ya jeshi la anga la Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, na ilipofika Septemba ilibaki moja tu iliyokuwa ikiruka, ikitokea Kolwezi, ambayo ndiyo iliyowashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamezingirwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Papa husema watoto waliitambua kwa sauti kabla ya kuiona, na kwamba mama yake aliwaingiza wote chini ya kitanda cha chuma.

Ninaomba kila mmoja asimulie maketi moja ya zamani, na asituonyeshe tu kazi iliyong'aa bali mahali ilipomshinda. Mimi nilishindwa mapema. Kwa haraka yangu niliunganisha pande mbili za kiwiliwili bila kutia uzito puani, na ndege yenye gurudumu la mbele isipotiwa uzito huketi kwa mkia kama mbwa anayengoja mfupa. Ilinibidi kutoboa tundu ndani ya shimo la gurudumu la mbele, nikasukuma humo vipande vya waya wa risasi nilivyopewa na fundi wa redio, kimoja kimoja kwa kibanio, na kuvishika kwa supaglu. Kazi ya dakika mbili ilinichukua jioni mbili.

Mama wa Cherehani, Katuba

Asante kwa mada hii, yaya, kaka yangu. Mimi ni mshonaji, na nilianza mambo haya kwa ajili ya mtoto wangu, ambaye baada ya juma moja alirudi kwenye mpira na kuniachia meza. Ilikuwa Hawker Fury ya Matchbox, ndege ya mabawa mawili juu na chini, niliyoinunua katika rundo la michezo ya mitumba kwa bei ya mikate michache. Wanaozijua Matchbox za miaka ya 1970 wanakumbuka kwamba vishada vyake vilitoka kiwandani vikiwa na rangi mbili au tatu tofauti, ili mtoto asiye na rangi aweze kupata ndege inayopendeza. Kwa mtu wa Katuba ambaye hana mahali pa kununua vile vikopo vidogo vya rangi vya Humbrol, hiyo ilikuwa neema.

Kilichonishinda ni bawa la juu. Linashikwa na vijiti vyembamba, na vyote vinataka kuingia katika matundu yao kwa wakati mmoja, wakati wewe una mikono miwili tu. Mara tatu lilianguka. Mara ya nne nilifanya kama ninavyofanya na kola ya shati ngumu: niliweka bawa la juu kifudifudi mezani, nikasimamisha vijiti juu yake, nikajenga kizimba cha pini na vipande vya kadi kuzishika pembe, kisha nikaacha gundi ikauke usiku kucha kabla ya kuteremsha kiwiliwili juu yake.

Nyaya za kati ya mabawa nilizipata saluni kwa jirani yangu. Unyuzi mmoja wa mesh za kusukia nywele ni mwembamba, mweusi, na haulegei ukishavutwa. Wengine huyeyusha kipande cha kishada juu ya mshumaa na kukivuta hadi kiwe uzi, jambo ambalo nimejaribu na ambalo ni zuri kwa antena, lakini kwa nyaya nyingi namna ile mimi nabaki na mesh.

Mwanafunzi wa Kasapa

Mimi sitasimulia ushindi. Niliunganisha Spitfire ya Airfix kwa gundi ya viatu, ile ya manjano inayonuka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyumbani. Asubuhi bawa la kushoto lilikuwa limelainika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Nikadhani tatizo ni gundi, nikanunua supaglu, nikafunga kifuniko cha kioo cha rubani, na mvuke wake ukakigeuza cheupe kabisa, kama dirisha la bafu. Kisha nikapaka rangi ya magari niliyoipunguza kwa dawa ya kupunguzia ya wapiga rangi wa gereji. Nadhani mnajua mwisho wake.

Swali langu kwa wakubwa: je, mistari iliyoinuka juu ya plastiki na zile ripiti (vichwa vya misumari ya bati) nyingi kama upele tuzisugue kwa msasa na kuchonga upya mistari iliyozama kama ya maketi za siku hizi, au tuziache?

Fundi Breki, Kampemba

Mdogo wangu, plastiki ya maketi ni polistairini, na vimiminika vingi vya gereji huiyeyusha. Gundi yake ya haki nayo huiyeyusha, lakini kidogo, ili pande mbili zishikane na kuwa kitu kimoja. Asetoni ya kuondolea rangi za kucha hufanya vivyo hivyo kwa ukali zaidi: mimi hukatakata mabaki ya kishada ndani ya kichupa cha glasi, nikatia asetoni kidogo, na baada ya siku moja ninapata uji mzito wa kuzibia nyufa, ambao ukikauka unasuguliwa kama plastiki yenyewe kwa sababu ndiyo yenyewe. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi, tena mbali na mshumaa wa Mama wa Katuba.

Maketi yangu ilikuwa Mirage III iliyokwisha kujengwa na mtoto wa mtu mwingine, imepakwa matabaka manne ya rangi hadi milango ya magurudumu haionekani. Niliilaza usiku mmoja ndani ya mafuta ya breki, nikavaa glavu kwa sababu yanaunguza ngozi, nikaisugua kwa mswaki na sabuni. Rangi ya enameli ilitoka kama ganda la yai lililochemshwa, na plastiki ikabaki salama.

Hapo nikajitia ujanja wa kuigeuza Mirage 5, aina ambayo nchi yetu iliinunua wakati wa Zaire na kuiweka Kamina. Mirage 5 ina pua nyembamba na ndefu zaidi, kwa kuwa haikubeba rada kubwa ya aina ya Mirage IIIE. Nilikata pua ya zamani, nikachonga nyingine kutoka mpini wa mswaki, nikaziba kwa ule uji wa asetoni. Nilisugua na kuziba, kusugua na kuziba, mara saba. Ukiitazama kwa upande ni Mirage 5. Ukiitazama kutoka juu, pua inaelekea Kipushi huku mkia unaelekea Kasumbalesa. Nimeiweka kwenye rafu ya juu, ili watu waitazame kwa upande.

Mkazi wa Goma, Himbi

Nawasalimu kutoka Kivu. Yangu ni Dakota ya Airfix, muundo wa mwaka 1960, ambayo sehemu zake zilikuwa na kingo za plastiki ya ziada nene kiasi kwamba nilitumia wembe siku nzima kabla ya kugusa gundi. Mabawa yalikubali baada ya msasa mwingi. Ubaya ulitoka kwingine. Mwezi Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye tukaamriwa kuondoka katika sehemu kubwa ya mji. Nilitembea kuelekea Sake nikiwa na mtoto mgongoni, godoro kichwani kwa mke wangu, na ile Dakota ndani ya sufuria iliyojazwa nguo za mtoto. Mke wangu hajaacha kunikumbusha ni sufuria ipi.

Tuliporudi, mguu mmoja wa gurudumu ulikuwa umekatika na panga za injini zote mbili zimepotea. Mguu niliuunda upya kwa kutia sindano ya kushonea ndani yake. Panga nilizikata kutoka mkebe wa maziwa ya unga, nikazipinda kidogo kwa koleo, na kusema kweli ni nyembamba na nzuri kuliko zile za kiwandani. Tangu siku hiyo, kila maketi ninayoijenga hupata sindano au waya ndani ya miguu kabla ya kupakwa rangi.

Mzee wa Ruashi

Watoto wangu, nimesoma yote. Kuhusu mistari iliyoinuka, mwanafunzi, mimi naiacha. Spitfire ya kwanza ya Airfix, ya miaka ya 1950, ilitoka na herufi BTK ubavuni, na hadi leo wapo wanaoitafuta pamoja na makosa yake. Maketi ya zamani inaonyesha ndege, lakini inaonyesha pia jinsi watu wa wakati wake walivyoitazama ndege hiyo. Ukiisugua yote ukachonga upya, unabaki na maketi mbaya ya kisasa. Hata hivyo, pale kwenye kiungo cha kiwiliwili, ambapo msasa lazima upite, mstari utafutika; usilie, uurudishe kwa unyuzi wa kishada uliovutwa motoni.

Mimi nilijenga Saab J 29 ya Heller, ile ambayo Waswidi waliiita Tunnan, yaani pipa, na kweli ni pipa lenye mabawa. Zilikuja Kongo mwezi Oktoba 1961 kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo ni jirani ya Fouga yako, ingawa si rafiki yake. Hilo pipa liko wazi mbele, kwani hewa ya injini huingilia puani, na uzito unakosa mahali. Nilibandika risasi za nyavu za uvuvi chini ya sakafu ya chumba cha rubani, juu ya njia ya hewa, na zikatosha kwa shida.

Dekali zako za manjano zifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uzibandike kwenye kioo cha dirisha zikilitazama jua. Kiangazi chetu cha Juni na Julai hakina mawingu. Majuma mawili au matatu yanatosha kuzirudisha weupe wake. Kisha zipake vanishi nyembamba kabla ya kuzilowesha, maana dekali ya umri huo bila vanishi hupasuka majini vipande vipande. Wala usipake vanishi wakati wa masika, itakuwa na ukungu; na kiangazi ufunike kazi kwa beseni, kwa sababu ya vumbi letu jekundu.

Mwanzilishi wa mada

Mzee, nimefuata neno lako, nami ninaleta habari. Siku kumi na tisa dirishani, na manjano imebaki kidogo tu ukingoni. Nilijaribu kwanza alama ndogo isiyo na maana, ikashika. Ya pili ilipasuka, kwa kuwa niliona uvivu wa kungoja vanishi ikauke.

Limebaki suala la alama zenyewe. Sanduku linanipa rangi za kikosi cha maonyesho cha Ufaransa, buluu, nyeupe na nyekundu, na nilikuwa nimewaza kuziacha na kuchora badala yake misalaba mitatu ya shaba ya Katanga kwa ncha ya kijiti cha meno. Nilimuuliza papa. Aliishika maketi kwa muda, akaigeuza chini juu, akasema ile aliyoiona yeye ilipita upesi mno, hakuona alama yoyote. Basi tumbo la ndege nimeliacha bila alama, na juu nitaweka dekali za Heller zilizosalia. Mama wa Cherehani, ule mkia wa pande mbili zenye umbo la V umenikataa mara mbili. Naomba unieleze tena kile kizimba cha pini, hasa unavyoipima pembe kabla ya gundi kukauka.

Mama wa Cherehani, Katuba

Usiipime mezani, yaya. Kata kadi kwa pembe iliyo kwenye mchoro wa maelekezo, kama mende hawakuila, ichome wima kwa pini mbili nyuma ya mkia, na uegemeze kila upande juu ya kadi. Ikiwa waliila, nitumie picha ya mkia, nikukatie mimi.