Acheni kuliita "igizo shirikishi" kama mwananchi haingii kucheza!

Wadau wa sanaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitazunguka. Kazi inayopelekwa vijijini na miradi sasa hivi inaua fani. Kikundi kinacheza dakika 40: binti anapata mimba, baba anakamatwa, mwalimu anatoa nasaha. Kisha MC anashika maiki: "Haya, tumejifunza nini?" Mzee mmoja anajibu, anapigiwa makofi, anapewa fulana. Ripoti inaandikwa kwamba wananchi wameshiriki. Wameshiriki nini, wakati jibu wameshatafuniwa?

Utaratibu wa igizo shirikishi unajulikana tangu miaka ya 1970, Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia kutoka Brazil, alipofanya kazi Peru. Igizo liwe la dakika 15 hadi 20 na likatike pale mhusika anaposhindwa. Hapo hapo, bila suluhisho. Mraghibishi, yaani anayeongoza mchezo na watu, atangaze kwamba linarudiwa toka mwanzo, na anayeona mhusika kakosea apige kelele "Simama!" Wasanii wagande, mwananchi aingie achukue nafasi ya mhusika, mchezo uendelee naye. Dakika 20 za igizo zinadai saa nzima au zaidi ya kurudia. Kikundi kilichopangiwa vijiji vitatu kwa siku hakiwezi kufanya hivyo, na wa kwanza kulaumiwa ni aliyepanga ratiba.

Tena achukuliwe nafasi yule anayeonewa. Ukiruhusu mtu amcheze baba mkali kisha ghafla baba awe mpole, umefanya mazingaombwe. Kesho yule binti anarudi nyumbani kwa baba yule yule. Na msanii anayecheza baba asilegee kwa sababu mgeni kaingia. Abishe kama baba wa pale anavyobisha, apande na kushuka kulingana na hoja anayoletewa. Akilegea haraka, watu wanaondoka na uongo. Akimkandamiza mgeni hadi akakosa la kusema, hakuna wa pili atakayeinuka. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote na ndiyo haifanyiwi mazoezi kabisa!

Halafu maiki. Tazameni kinachotokea: mama anaingia, anapewa maiki, papo hapo anampa mgongo "baba", anawageukia watu na kuanza, "Kwanza naomba niwasalimu." Mchezo umekufa, tumerudi mkutano wa hadhara. Mpeni kanga ya mhusika badala ya maiki. Akishajitanda, anamkabili baba usoni na mikono inaanza kusema. Watu wakikaa duara, safu tatu nne, wasizidi mia na hamsini hivi, sauti ya kawaida inafika. Lakini mradi unataka vichwa 500 kwenye fomu, basi linaletwa jenereta na spika, na watu wanakuwa watazamaji tu.

Meza kuu nayo iondoke. Ukimweka mtendaji na mwenyekiti kwenye viti vya plastiki mbele, nani atasimama kuonyesha jinsi mgambo anavyodai rushwa? Wakaribisheni, lakini wakae ndani ya duara kama wengine. Zawadi za fulana na sabuni pia ni sumu: wanaoingia ni wale wale vijana watatu, na akina mama walio nyuma na watoto mgongoni hawafikiwi. Wasioweza kuinuka waulizwe pale walipo, "Aseme nini sasa?", na msanii ayaseme maneno yao kama walivyoyatoa, bila kuyanyoosha.

La hatari zaidi: mtu akitaja jina la mwanakijiji halisi katikati ya mchezo, mraghibishi akate hapo hapo na kurudisha jina la mhusika. Gari la mradi likishaondoka, aliyetaja anabaki peke yake na aliyetajwa.

Msiniambie mazingira yetu hayaruhusu. Kijijini Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walisahihisha maandishi ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mazoezi yalikuwa hadharani. Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza na mazungumzo na wenyeji kabla ya kutunga chochote. Mnaofika saa nne asubuhi na igizo lililotungwa Dar es Salaam na kuondoka saa sita, mnatumia jina la kazi ambayo hamkuifanya.

Nanyi mnaotoa fedha, futeni ile safu ya "idadi ya waliohudhuria" na muulize: nani aliingia, alijaribu nini, baba alimjibu nini, na lini kikundi kinarudi pale pale?