Mjadala: Tafiti za maoni kabla ya uchaguzi zipigwe marufuku?

Wakuu, uchaguzi ukikaribia ugomvi ni uleule. Unatoka utafiti unaosema chama hiki kinaongoza na kile kinafuata kwa mbali. Wanaoongoza wanashangilia, walioachwa wanasema umepikwa. Ukitoka mwingine wenye matokeo ya kinyume, wanabadilishana mistari. Sasa wapo wanaotaka tafiti hizi zipigwe marufuku kabisa mpaka kura zihesabiwe, eti zinawapeleka watu kwa mkumbo. Mimi napinga, ingawa siziamini kihivyo.

Tuanze na Tanzania 2015. Septemba, shirika la kiraia la Twaweza walitoa yao: Magufuli wa CCM asilimia 65, Lowassa wa upinzani 25. Upinzani uliwaka. Oktoba tume ya uchaguzi ikatangaza Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Mshindi walimpatia, hilo tuwape, lakini pengo la pointi 40 likaishia 18 na ushei. Utaniambia kampeni za mwisho zilibadili watu. Inawezekana. Ila utafiti ule ulifanywa kwa simu, kwa wahojiwa waliokuwa wameshaandikishwa kwenye mradi wa Twaweza wenyewe. Anayepigiwa anajua fika kwamba anayemuuliza ana namba yake.

Kenya 2022 ndiyo inanipa mawazo zaidi. Siku chache kabla ya kura, kampuni ya utafiti ya Ipsos walimpa Raila 47 na Ruto 41. Jumlisha, unapata 88. Hao 12 waliobaki hakuna aliyewajadili, sote tulikodolea macho nani yuko juu. Matokeo ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya: Ruto 50.49, Raila 48.85, na wagombea wengine wawili kwa pamoja hawakufika hata asilimia 1. Yaani Raila aliongeza pointi mbili hivi, Ruto akaongeza tisa na zaidi. Wapo waliomwambia mhojaji kitu kingine, wapo ambao hawakwenda kupiga kura, lakini kwa mtazamo wangu sehemu kubwa ya siri ilikuwa kwa wale waliokaa kimya. Kumbukeni ni Raila aliyekuwa anaungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani, kwa hiyo wa Ruto ndio waliokuwa na sababu ya kunyamaza.

Wazambia walilifanya jambo hili kuwa mkakati. Mwaka 2011 Patriotic Front, chama cha upinzani cha Michael Sata, iliingia kwenye uchaguzi na kauli mbiu ya "Don't Kubeba", yaani usiwaambie. Pokea zawadi za chama tawala, MMD, vaa fulana yao, kura yako baki nayo moyoni. MMD, iliyokuwa madarakani tangu 1991, ikaondoka. Sasa nchi ambayo mwananchi ameambiwa hadharani amdanganye anayemuuliza, utafiti utafanyaje?

Hebu tazameni inavyokuwa mlangoni. Mhojaji anafika na kishikwambi, ameshapita kwa viongozi wa eneo kujitambulisha. "Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungemchagua mgombea wa chama gani?" Mwenye nyumba anakiangalia kile kishikwambi, anauliza nani amekutuma, anaonyeshwa kitambulisho, hakisomi. "Aah, sisi bado tunawasikiliza wote." Mhojaji anagusa "hajaamua", swali linalofuata. Huyo ameamua siku nyingi! Kilichomfunga mdomo ni kwamba mgeni kaletwa na kiongozi ambaye kesho atamhitaji kwa barua ya utambulisho.

Na si woga peke yake. Uingereza 1992 tafiti nyingi za mwisho zilionyesha Labour, chama cha upinzani, mbele kidogo au ngoma droo, halafu Conservative, chama tawala, kikashinda kwa zaidi ya pointi 7. Sehemu ya maelezo ilikuwa kwamba baadhi ya wapiga kura wake hawakutaka kujitaja. Kule nadhani ilikuwa aibu zaidi kuliko hofu.

Kwa hiyo wanaosema tafiti zinakosea wana hoja. Ninapoachana nao ni kwenye dawa yao. Tanzania tumeshaonja ladha ya kubana. Mwaka 2018 Twaweza walipotoa utafiti ulioonyesha kukubalika kwa Rais kumeshuka hadi asilimia 55, COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, waliwaandikia barua wajieleze kuhusu kibali. Mwaka huohuo sheria ya takwimu ikakazwa, ikaja kulegezwa 2019. Uchaguzi wa 2020 ulipofika tulikuwa tunabishana kwa nyomi za mikutano ya kampeni: picha imepigwa kutoka juu, imepigwa kutoka ubavuni, hawa wameletwa na malori, ile ni picha ya mwaka jana. Huo nao ni upimaji wa maoni, tena mbovu kuliko wote.

Kenya wana njia ya kati. Sheria yao ya 2012 inakataza kutangaza tafiti za uchaguzi siku tano kabla ya kura, na inadai mtoaji aseme nani kaagiza na wamehojiwa wangapi. Hilo la pili nalipenda, la kwanza naona ni la kufurahisha umma tu. Mimi ningeongeza sharti moja: idadi ya waliokataa kujibu au kusema hawajaamua iwekwe juu kabisa, kwa herufi zilezile za mgombea anayeongoza, na wagawanywe kwa mkoa. Mkoa ambao theluthi ya watu hawataki kutaja chama unatuambia jambo zito kuhusu vyama vyenyewe kabla hatujauliza nani anaongoza.

Wa marufuku karibuni, ila mnijibu hili kwanza: mkishazuia tafiti za wazi, vyama vitaacha kujipimia kimyakimya, au ni sisi tu tutakaobaki gizani?